Kiboko wa Dunga na Breki ya Mkono

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Pikapu imeanguka ukaguzi. Mimi, Muhidin, niliyekagua shule za mkoa mzima kwa miaka ishirini na sita, nimekaguliwa na binti wa rika la mjukuu wangu, jina lake Sheryl, nikafeli.

Kosa si langu. Kosa ni la mteremko. Sheryl alisema nipande hadi katikati, nivute breki ya mkono, niondoe mguu. Nikavuta. Papo hapo nikateremsha jiwe kwa kamba kupitia dirishani, likatua sawasawa nyuma ya tairi la mbele. Jiwe hilo ndilo breki yetu tangu zamani. Mke wangu Saumu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akishuka kuliweka. Alipofariki nikabuni kamba.

Sheryl akalisukuma jiwe kwa ncha ya kiatu. Pikapu ikarudi nyuma nami ndani, taratibu, kwa heshima zote, hadi kwenye rundo la matairi ukutani. Nilicheka hadi miwani ikaanguka. Yeye aliandika: breki ya mkono haipo. Nikamwambia ipo, nimeishika. Akasema, "Mzee, hicho ulichoshika ni bakora."

Nirudi Jumatatu ijayo. Binti yangu Khadijah, muuguzi, anayeongea kila mara kama ameshika sindano, amesema ikianguka tena anawaita wanunuzi wa vyuma vikuukuu, waikatekate hapa hapa Migosi mbele ya macho yangu.

Daktari ameshaniambia moyo umechoka, nisipange mambo ya mwakani. Sawa. Lakini bila gari nitakisubiri kifo kitini, ukutani kukiwa na kalenda. Nikiwa na gari nitakisubiri Dunga kwa rafiki yangu Walter, mbele ya ziwa, nikinywa chai. Na kwa Walter nina jambo. Saumu, siku ya mwisho, alinishika kidole akasema, "Mwambie Walter ukweli kabla hujanifuata." Imepita miaka mitatu. Sijamwambia.

Jumanne, 4 Novemba

Nimempelekea pikapu fundi Opiyo, Obunga. Alilala chini yake dakika kumi, akatoka na uso wa mtu aliyetoka mochari kuutambua mwili. "Jaduong', mzee wangu, hii waya ilikufa kitambo. Imeota kutu mpaka imeshikana." Waya mpya wa pikapu ya zamani kama hii haupatikani, asema, labda Nairobi, labda wiki mbili.

Sina wiki mbili. Huenda sina hata moja. Nikamwambia atoe waya, aache nafasi, nina mpango.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango: kamba ya wavuvi. Jana niliagiza mita nne kutoka Port Victoria, zimefika asubuhi, aina ile inayovuta mbuta wa kilo arobaini. Kama inamvuta mbuta ziwani, itashindwaje na pikapu iliyosimama? Opiyo alisema haya si mambo ya ufundi, haya ni uvuvi. Lakini akafunga.

Tukajaribu kwenye kilima kidogo cha Obunga. Nikavuta breki. Ikapanda. Ikapanda tena. Kamba ile huvutika kama mpira. Breki ikafika kidevuni, na pikapu ikaanza kuondoka. Opiyo akakimbia nyuma akiisukuma kwa mgongo na kuniuliza kama nimevuta. Nikamjibu kwamba nikivuta zaidi nitajing'oa meno.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza dagaa wa omena aliokoa hali. Alisukuma gunia la makaa chini ya tairi bila hata kunyanyuka.

Sijafurahi hivi tangu nistaafu. Lakini siku zimebaki tano.

Alhamisi, 6 Novemba

Leo nimekiri.

Ukweli ni huu. Mwaka 2003, alfajiri, nilimpitia Walter twende mazishini Port Victoria. Nikaegesha juu ya mteremko wa boma lake. Saumu hakuwepo, kwa hiyo jiwe halikuwepo. Pikapu ikashuka peke yake, ikapita katikati ya ua, ikavunja jiko la nje. Nikairudisha juu haraka. Walter alipotoka na shuka kiunoni, nikaonyesha ziwani nikasema, "Kiboko."

Miaka ishirini na miwili nimekuwa shahidi wa kiboko huyo.

Basi leo nimepelekwa Dunga kwa pikipiki, kama gunia. Mkewe Dorca akaleta chai. Alipotoka, nikasema yote, macho yakiwa ndani ya kikombe. Nilitarajia anipige. Au alie. Au anikumbatie.

Walter akauliza, "Umemwambia nani mwingine?"

Nikasema Saumu tu.

Akafunga mlango. "Omera, ndugu yangu, nyamaza kabisa. Mimi nilisema nilimwona. Nilisema nilimpiga usoni kwa mfuniko wa sufuria, akarudi majini. Watu wa ufuo walinichagua mwenyekiti wao kwa huo mfuniko." Nao ule pale ukutani, umening'inizwa, una bonde katikati. Nikauliza bonde lilitoka wapi kama kiboko hakuwepo. Akasema alilitengeneza mwenyewe kwa nyundo.

Nikamwambia nataka kufa na moyo safi. Akasema moyo wangu ukisafishwa, wa kwake utachafuka mbele ya ufuo mzima, na uchaguzi ni Desemba. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu mwingine, kama bado natafuta waya wa breki, maana habari za Obunga zilishamfikia.

Pikapu yake, ya mwaka uleule na yangu, imelala nyuma ya nyumba na kuku wamehamia ndani. Waya wake ni mzima.

Katika miaka yote ya ukaguzi sikupokea hata kuku wa hongo. Leo nimepokea waya.

Jumamosi, 8 Novemba

Opiyo ametoa waya kwa Walter. Kuku mmoja alikuwa ameatamia hapo hapo na akamdonoa sikio. Waya umetoka ukiwa mlaini, umejaa grisi na manyoya. Opiyo ameufunga kwangu, amesafisha dramu za breki za nyuma, ameongeza nati. Nikavuta breki mara moja. Klik, klik, klik. Pikapu ikakaa kwenye kilima kama imejengewa msingi. Yule mama wa omena alipiga makofi mawili.

Jumatatu, 10 Novemba

Imepita.

Sheryl alinipandisha mteremkoni, nikavuta, nikaondoa mguu. Haikusogea. Akasukuma pikapu kwa mikono miwili. Ikakataa. Akatoa unyoya mmoja wa kuku kwenye tairi, akautazama, akaamua kutouliza. Kisha akanipa karatasi na kusema, "Hongera, Mzee. Sasa jiwe utalifanyia nini?"

Kwa furaha nikampa. Sasa linashikilia mlango wa ofisi yake. Khadijah ameisoma karatasi mara mbili, akaigeuza na nyuma.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeendesha mwenyewe hadi Dunga, saa kumi alasiri, nimevaa koti nililopewa siku ya kustaafu. Nikaegesha juu ya mteremko wa Walter. Nikashuka. Nikanyoosha mkono nyuma ya kiti kuchukua jiwe. Nikakumbuka kwamba siku hizi sina haja ya jiwe. Nikafunga mlango kwa mbwembwe, nikaanza kushuka na karatasi yangu mkononi.

Breki haikosi chochote, ni nzuri sana. Inahitaji tu kuvutwa.

Pikapu ilinipita upande wa kushoto. Bila haraka. Ikavunja ua, kisha jiko jipya, kisha ikaegemea ile pikapu ya kuku, na kuku wakatoka kwa madirisha yote.

Watu wa ufuo wakaanza kukimbilia. Walter akatoka, akanitazama, akautazama umati. Kabla sijafungua mdomo, Dorca akaingia ndani akatoka na mfuniko. Akampa mumewe kama anayempa mtu kofia yake.

"Kiboko," Walter akasema.

Mvuvi mmoja akauliza, kiboko gani wa saa kumi, na kwa nini ameacha alama za matairi. Walter akajibu kwamba maji yamepanda, viboko wamebadilisha ratiba, na huyu alikuwa akikimbizwa na Mzee Muhidin kwa gari ili kumwokoa mwenyekiti. Wote wakanigeukia.

Nikasema alikuwa mkubwa kuliko yule wa kwanza.

Jumatano, 12 Novemba

Nimepigiwa simu nne za pongezi. Kuna pendekezo niwe naibu mwenyekiti.

Khadijah ameuliza taa ya nyuma imevunjwa na nini. Nimemwambia ni kiboko. Ameondoka kwenda kutafuta kipima presha.

Daktari asema moyo unasikika vizuri kuliko mwezi jana. Basi muda wa kukiri upo, hakuna haja ya pupa. Lile agizo la Saumu nimelitimiza, Walter anajua. Hili la pili Saumu hakulitaja.

Asubuhi nilienda kwa Sheryl kuomba jiwe langu. Amekataa, mlango umelizoea. Si neno. Nimepata jingine njiani, zito zaidi, lina umbo zuri. Kamba ya Port Victoria bado ninayo, mita nne kamili.