Kibanio cha Nguo ni Kifaa cha Elimu

Jumatatu, 3 Machi
Ifahamike kwa wote wanaohusika kwamba kuanzia leo, saa mbili asubuhi, kibanio cha nguo katika nyumba hii si kibanio cha nguo tena. Ni kifaa cha elimu.

Chekechea ya binti yetu Kipusa, miaka mitatu na nusu, imefungwa wiki nzima. Mabomba yamepasuka. Mimi natengeneza saa hapa hapa nyumbani, kwa hiyo mtoto ni wangu. Mke wangu, muuguzi, amesema mambo yakienda kombo atamwita mama yake. Mama mkwe hulala kwenye chumba changu cha kazi. Mara ya mwisho alikuja kwa siku tatu, akakaa miezi minne.

Nimesoma kurasa mbili kuhusu mfumo wa Montessori. Mtoto azoeze vidole kwa vitu vya nyumbani: achote, amimine, abane, afungue. Wengine wakisoma hapo wanaona malezi. Mimi nimeona orodha ya kazi nilizoachiwa.

Jumanne, 4 Machi
Maharage. Niliagizwa niyachambue. Nikampa Kipusa bakuli mbili na kijiko: maharage yatoke huku yaende kule, mawe yakae kwenye kisahani. Saa nzima kimya, ulimi nje, kama karani wa benki. Nikatengeneza saa mbili za wateja huku nikijipongeza.

Kumbe alipomaliza alikionea huruma kisahani, kiko peke yake. Akayarudisha mawe yote kwa wenzao, moja moja, kwa vidole viwili, sawasawa na maelekezo.

Mke wangu alitafuna moja wakati wa chakula. Aliliweka ukingoni mwa sahani, upande wangu.

Jumatano, 5 Machi
Kuanika nguo. Mimi natundika, yeye anabana. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya juu akachungulia kutoka roshani yake, akauliza eti fundi, siku hizi soksi moja inabanwa vibanio kumi na sita? Nikamwambia hili ni somo. Akasema mjukuu wake, umri huo huo, anafunga vifungo vya koti mwenyewe.

Nikajibu kwamba vifungo sisi tulishavipita, sasa tupo kwenye kibano cha fundi saa. Akasema basi Ijumaa atashuka kujionea. Nikasema karibu sana.

Mdomo huu.

Alhamisi, 6 Machi
Kibano. Nimempa kile changu cha zamani, butu, na trei ya barafu na vifungo vya shati. Kufikia mchana anavipanga kwa ukubwa bila kudondosha hata kimoja. Mikono hiyo kairithi kwangu.

Kurasa zinasema mtoto aliyezama kazini asisumbuliwe. Nimemfundisha kujibu: nipo kazini. Nimemfundisha na komeo la mlango wa roshani, funga, fungua. Linanyoosha kifundo cha mkono.

Ijumaa, 7 Machi
Nilitoka roshani kuanua nguo. Komeo likalia nyuma yangu.

Kupitia kioo nikamwona Kipusa akiingia chumba changu cha kazi, akirudi na trei. Si ya vifungo. Saa saba za wateja zilikuwa wazi mezani, kila moja na skrubu zake kwenye kifuniko chake. Sasa skrubu zote zilikuwa familia moja, naye akizipanga, ndogo na ndogo, kubwa na kubwa. Kwa ustadi, lazima nikiri.

Nikagonga kioo. Akaniambia, "Baba, nipo kazini."

Mwalimu naye alibisha mlangoni hadi akachoka, akapanda tena kwake, akaniona kutoka juu. Alisema mtoto ametulia ajabu. Akauliza kama na mimi nipo kwenye zoezi.

Nilisimama kwa muda wa saa mbili, shuka mabegani. Mke wangu akarudi, akafungua komeo, akamtazama mtoto kwa muda. Akasema hata wodini kwao wapo wasioshika kibano vizuri hivyo. Nikavimba kichwa.

Kisha akampigia mama yake simu. Nikamkumbusha kwamba mtoto amefaulu, na aliyesema ni yeye mwenyewe. Akajibu, "Mtoto hana tatizo, baba Kipusa. Mama anakuja kukuangalia wewe."

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kafika. Mabegi manne. Chumba kimekwenda, saa saba na ukoo wao wa skrubu ziko chini ya kitanda chetu.

Lakini nimewaza. Kama mfumo unafaa vidole vinavyoanza, utashindwaje kufaa vidole vilivyochoka? Baada ya chai ya asubuhi nikamwekea mama mkwe mfuko wa njegere na bakuli, nikamweleza kwa adabu zote jinsi kumenya kunavyolainisha viungo. Kesho ningemletea na pasi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema mkwe wangu, kweli umesoma. Akavuta kiti, akaketi, akaniambia nianze mimi ili yeye aone inavyofanywa.

Njegere zilikuwa kilo tatu. Nimemaliza saa nane mchana.