Sevisi Kubwa kwa Nusu Bei

Udaktari hakuusomea popote. Jina alijipachika mwenyewe, na watu wakalimeza. Daktari wa magari. Pua yake ilinusa bahili toka mbali. Akimwona mtu kasimama kando ya gari anajikuna kisogo, ajua huyo kilomita laki moja zimetimia, kitabu cha gari kinadai sevisi kubwa, na mfuko unakataa. Humsogelea kwa upole, akamwambia gari haliwezi kulia lakini linaumwa ndani kwa ndani. Kisha hutaja nusu ya bei ya wenzake.

Kwa nusu bei akili huota mbawa. Mtu asiyenunua nyanya bila kuibonyeza huacha gari zima akaenda kunywa chai. Huku nyuma Daktari huosha injini kwa sabuni, huipaka mafuta ikang'aa, basi. Mwenye gari akirudi huoneshwa vilivyotolewa: mkanda wa injini uliopasukapasuka, chujio jeusi kama sufuria ya kuni, plagi zilizoungua. Hutikisa kichwa, hulipa, hushukuru.

Kitendawili: ng'ombe mia wamechinjwa, ini ni lilelile moja. Ukishindwa nipe mji. Ni mkanda wa Daktari, uleule kwa kila mteja.

Asubuhi moja Mama Mayai, msambazaji wa mayai madukani, alilipa kisha akavitia vile vifaa vibovu kikapuni.

"Mama, hizo takataka."

"Takataka zangu, mwanangu. Wa vyuma chakavu atanipa chochote."

Daktari angemzuiaje? Aseme si vyake? Mtaji wake ukaondoka hivyo, umebanwa kati ya trei za mayai.

Hajapumua, akaingia mwenye nyumba, aliyempangisha gereji hiyo. Alitaka sevisi kubwa, nusu bei, na alitaka kuona vilivyotolewa kwa macho yake, maana mafundi siku hizi ni wezi. Akigundua lolote, Daktari atalala nje na spana zake.

Sasa, nyuma ya gereji lilikaa gari la Daktari mwenyewe, la aina ileile ya gari la mwenye nyumba. Na huyu aliyewapunja wengine sevisi, lake alilihudumia kwa wakati, kwa vifaa halisi. Muuza sumu hailambi. Akafungua mkanda wake, chujio lake, plagi zake, akavipaka masizi na kuvipanga kwenye gazeti.

Mwenye nyumba aliporudi akaukunja mkanda, akaupangusa kwa leso.

"Huu mzima."

"Kwa nje, mzee. Ugonjwa uko ndani."

"Viatu hivi navivaa mwaka wa tisa. Kitu kizima nakijua. Rudisha vyangu, vipya vyako kaa navyo."

Akavuta kiti, akaketi kusimamia. Daktari akainama kwenye injini ambayo hakuwa ameigusa, akautoa mkanda wa humo. Ulikuwa umechanika nusu. Mwenye nyumba akautazama, akamtazama yeye.

"Ndiyo mpya huu? Umechanika hata sijatoka getini?"

Daktari akaiita bahati mbaya. Akaifungia injini hiyo vifaa vya gari lake mwenyewe, kimoja kimoja, jasho likimdondoka, na gari la bahili likanguruma kama lililotoka kiwandani juzi. Hakulipwa hata ya sabuni.

Kabla ya kuondoka, mwenye nyumba aliutundika ule mkanda uliochanika kwenye mlango wa gereji, akaufunga kwa waya.

"Usiutoe. Wateja wako wajionee vipya unavyowawekea."