Ngazi ya Pili Ibaki Uvira

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Papa Hagenimana, mkubwa wetu, anatafuta chef wa mtandao, mkuu wa mafundi. Tuko wawili tu: minye hapa Uvira, na Fanny kule Kamanyola. Fanny ni mwerevu. Tena anacheka vizuri. Hatari!

Ruta zetu zote, mashine zinazoelekeza mtandao, ziko ngazi ya pili, ile inayojua njia za mbali. Ngazi ya kwanza inajua eneo lake tu. Basi nitaishusha ya Kamanyola. Kila kinachokwenda mbali kitapita kwangu. Papa ataona mkubwa ni nani.

Jumanne, tarehe 5
Saa nne asubuhi nimeishusha, nimekaa kitini kwangu. Safi! Dakika moja baadaye, ujirani wa ruta hizo mbili umekatika. Ruta yangu husalimiana na za ngazi ya pili tu. Ya Kamanyola sasa ni ya kwanza. Hazijuani tena! Nataka kuirudisha, siifikii. Nimejifungia nje.

Simu. Bernardine, mkunga wa Bwegera, ambaye mtandao wake hutoka Kamanyola. Alikuwa akimwonyesha daktari kwa video mtoto mchanga anayekataa kunyonya, picha ikapotea. Hili sikulipanga kabisa. Nimerukia pikipiki.

Jumanne jioni, Kamanyola
Vumbi mpaka masikioni. Nimemkuta Fanny amesharekebisha, amechomeka kebo yake moja kwa moja kwenye ruta. Daktari amemwona mtoto. Ananyonya! Nimekaa chini, karibu nilie.

Fanny amenipakulia wali na ndagala, dagaa wa ziwani. Kisha akanionyesha kwenye skrini: jina langu, na saa niliyoingia kwenye ruta yake.

"Emery, weye unataka nini kwangu?"

Nimesema wali kidogo. Ameniongezea.

Alhamisi, tarehe 7
Kazi amepewa Fanny. Papa alipouliza kilichokata mtandao, Fanny alimwambia tulikuwa tunajaribu mipangilio, sisi wawili. Kwa nini anifichie siri? Nimewaza siku nzima. Jibu ni moja: ananiogopa.

Ijumaa, tarehe 8
Kosa langu nimeliona. Nilianza na Kamanyola, ambako kuna Fanny na kebo yake. Ruta ya Bijombo iko juu milimani, fundi hakuna wa kuniwahi kuirekebisha. Nimeishusha saa tatu.

Saa tatu na dakika mbili, simu inaita. Chef Fanny!

Nimechana nywele kwanza, ndipo nikapokea.