Fiksa Bado Nzima

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, kaja kuazima ngazi. Kanusa chumba changu cha giza (zamani bafu la wageni) na kutangaza kwamba fiksa yangu imekufa. Eti dawa hiyo imeshakazia picha nyingi mno. Mtu mwenyewe kaanza kusafisha filamu juzijuzi, baada ya kuniona mimi! Nikamjibu kwamba fiksa yangu ni kama mimi: umri umekwenda, lakini kazi inafanya. Mke wangu akakohoa.

Rangi yake, kweli, ni ya chai. Lakini nimwage chupa nzima kwa maneno ya shemeji? Thubutu!

Jumanne, 5 Machi
Habari kubwa! Mama mkwe amekubali nimpige picha. Tangu afiwe na mumewe hajataka kuona kamera. Jumapili anahamia kwa binti yake mkubwa, mbali, na anataka kumwachia mke wangu sura yake. Filamu moja tu, kasema. Hakai mara ya pili. Mke wangu kanivuta jikoni na kuniambia, kwa upole wa kutisha, kwamba nikiharibu hii nihamie bafuni na chupa zangu.

Shemeji naye hakukosa ushauri. Nikate kipande cha filamu mbichi, nikitumbukize kwenye fiksa. Filamu mbichi ina utando kama maziwa. Fiksa yenye nguvu huula upesi, ukaona upande wa pili. Ikichukua muda mara mbili ya ilipokuwa mpya, mwaga.

Jumatano, 6 Machi
Nimejaribu. Ila kukata filamu mpya ni ufujaji, kwa hiyo nilikata mkia wa filamu niliyoisafisha mwaka jana. Nikatumbukiza. Angavu kama kioo, papo hapo! Fiksa yangu ina nguvu kuliko ilipokuwa mpya! Nikampigia shemeji simu kumjulisha. Akaguna, akakata. Wivu huo.

Alhamisi, 7 Machi
Mama mkwe kakaa kibarazani, kanyooka kama askari. Nikapiga, nikapiga. Mwishowe akaniuliza: "Baba, hilo jicho la mashine yako mbona limefumba?" Kifuniko cha lenzi! Akacheka, mkono kifuani, kicheko ambacho mke wangu anasema hajakisikia tangu msiba. Nikang'oa kifuniko, nikabonyeza. Ahsante Mungu, bado alikuwa anacheka.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa. Filamu imetoka na ukungu mweupe mwanzo mwisho, kama dirisha la bafu. Mama mkwe haonekani. Kwanza nilipanga kusema kwamba filamu inahitaji kupumzika, nikaificha ndani ya buti la mvua. Kisha nikamsikia mke wangu akimwimbia mama yake huku akimfungia mizigo. Nikameza fahari, nikampigia shemeji.

Kaja mbio na chupa yake. Kaniuliza nilijaribu kwa kipande gani. Nikamwonyesha, kifua mbele. Akakaa kwenye ukingo wa bafu, akacheka mpaka machozi. Kumbe kipande kile kilikuwa angavu tangu mwaka jana. Hata ningekitumbukiza kwenye supu kingetoka angavu!

Lakini shemeji hakumwambia mke wangu. Akamimina fiksa yake mwenyewe, akasema filamu haijafa, haijaiva tu, akairudisha ndani. Tulisimama mabega yakigusana. Utando ukayeyuka taratibu, na mama mkwe akatokea, anacheka. Nikafuta macho. Nikasingizia dawa. Shemeji naye akaisingizia.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe ameondoka na nakala moja mkobani, kanipa mkono na kuniita fundi. Picha kubwa iko sebuleni. Mke wangu ameiamkia asubuhi, kisha akanichemshia chai bila kuombwa. Shemeji nimemshukuru mpaka kaniomba ninyamaze. Kaniachia chupa yake na kuniapisha niimwage fiksa ya zamani leo leo.

Niliishika kweli. Roho ikagoma. Kwa hiyo nimeimimina ile mpya humo humo ndani ya kuukuu, wazee na vijana wasaidiane. Na kwa kuwa sasa mimi ni mtu wa kujaribu kwanza, nikatumbukiza kile kipande changu. Angavu papo hapo!

Wema kama ule haulipiki, ila nitajitahidi. Nimemwambia shemeji alete filamu zote za harusi ya binti yake. Nitamsafishia mwenyewe.