Mbwa wa Bure na Soksi ya Sharubati

Riziki ilimkuta Sharubati kwenye kiti cha kinyozi, povu limempanda hadi masikioni. Iliingia mlangoni ikiwa na kitambi.

Jina la Sharubati hakupewa na mama yake. Alipewa na watu aliowaliza, kwa sababu maneno yake yalishuka kooni matamu na ya baridi, kisha ukabaki na glasi tupu na kiu ileile. Kitambi nacho kilikuwa cha Mkandarasi, aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa ule, na karibu zote zimepasuka kuta. Alijitupa kwenye benchi akaanza kulalamika hata salamu hajamaliza.

"Kinyozi, shemeji yangu atanitia presha. Yule mfamasia. Kanunua mbwa wa kuwindia kutoka ng'ambo. Mbwa ana cheti cha kuzaliwa! Mimi mwenyewe sina."

"Pole, bosi."

"Kila Jumamosi tukienda kuwinda, wake anarudi na sungura mdomoni, mimi narudi na miiba. Na mke wangu anacheka, eti kaka yake hodari."

"Si ununue na wewe?"

"Kwa bei ile? Thubutu! Nataka mbwa kama yule, ila kwa bei ya kuku."

Chini ya povu, Sharubati alifumbua jicho moja. Mtu anayetaka cha ghali kwa bei ya rahisi ni shamba ambalo tapeli halilimi, anakwenda kuvuna tu. Kinyozi akamshika kidevu, akamgeuza kidogo kuelekea kona ya kioo, na pale konani palikuwa na karatasi imebandikwa: Mbwa wanatolewa bure. Njoo na kamba yako.

"Samahani kuingilia, bosi," Sharubati akasema kupitia povu. "Mimi ni mkufunzi wa mbwa wa kuwindia."

"Wewe? Mbona sijawahi kusikia?"

"Ni kazi ya kimya, bosi. Ukipiga kelele, sungura wanasikia. Ninaye mmoja namalizia kumfundisha. Babu yake aliwinda na mabalozi. Nipe muda kidogo tu."

Tuseme ukweli, maana mwenzetu hakuusema: mpaka dakika ile Sharubati alikuwa akiona mbwa barabarani anahamia upande wa pili.

Mabanda ya mbwa waliotupwa yalikuwa nyuma ya ghala la mbao, chini ya paa la bati lenye matundu kama chujio. Aliyeyatunza ni mwanamke wa makamo, hodari, ambaye watu walimwita Mama Buti kwa zile buti zake za mpira alizovaa kiangazi na masika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unamtaka mbwa wa nini?"

"Upweke, mama yangu. Nyumba kubwa, mtu mmoja." Nyumba yenyewe ilikuwa sebule ya dada yake mkubwa, alikolala nyuma ya cherehani, miguu imetokeza mlangoni.

Mama Buti alimpima toka viatuni hadi kidevuni. "Umenyolewa vizuri," akasema. Kisha akafungua kibanda cha mwisho. "Chukua huyu. Anaitwa Bakuli. Waliomchukua wote walimrudisha, na kila akirudi anakuja na chombo chake."

Akatoka mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala, mdomoni ana bakuli la bati. Alilibeba kama mpangaji aliyezoea kufukuzwa. Sharubati akafunga kamba huku kageuza uso pembeni, akaaga haraka.

Dada yake alisimamisha cherehani. "Nilikwambia ulete kazi, wewe umeleta mbwa?"

"Dada, huyu ndiye kazi."

"Sawa. Mwezi ukiisha, wewe na kazi yako mtalala nje. Nimechoka kuruka miguu yako kila asubuhi."

Hapo Sharubati akaweka nia. Atamuuza mbwa, atapanda basi, atashukia mji ambao hakuna aliyelizwa, na huko ataitwa Injinia. Hapa mjini alikuwa amebakiza marafiki wawili, na mmoja alikuwa hajagundua tu.

Mpango ulikuwa mwepesi. Hakuhitaji mbwa wa kuwinda, alihitaji mbwa wa kuonekana anawinda jioni moja. Angenunua sungura wa kufugwa sokoni, amfiche ndani ya boksi vichakani, halafu aburute kitu chenye harufu toka machimbo ya zamani ya mawe hadi kwenye lile boksi. Mbwa angefuata harufu, Mkandarasi angefuata mbwa, na pesa zingemfuata Sharubati. Kitu chenyewe kilikuwa soksi iliyojazwa maini ya kuchemsha. Soksi ya nani? Yake, bila shaka. Tapeli hanunui anachoweza kuvua.

Siku ya kwanza Bakuli alikula maini, kisha akala soksi. Ya pili alimburuta mwalimu wake mpaka shimoni. Lakini uongo una kazi kuliko kazi yenyewe, na mtu ambaye tangu azaliwe hakuwahi kulipokea jua sasa alikuwa machimboni alfajiri, umande magotini, anaburuta soksi. Alipoona mbwa anaelewa, akarefusha njia. Akaipitisha kijitoni. Akapunguza maini, akabakiza soksi. Mwisho akawa anajificha mwenyewe, soksi mkononi: mtaroni, juu ya mti, ndani ya kichwa cha lori bovu. Bakuli alimfuma kila mara, akaketi mbele yake kimya kama alivyofundishwa, mkia unafagia vumbi. Na Sharubati, akishachungulia huku na huku kwamba hakuna anayeona, alimkumbatia. Alikuwa amempenda yule mbwa. Jambo hilo lilimtia aibu kuliko uongo wote aliowahi kusema.

Kilichoisha kwa mazoezi hayo ni soli za viatu vyake.

Ijumaa jioni, mwezi ukikaribia kuisha, Mkandarasi alikuja machimboni kuona. Bakuli, ambaye siku hiyo aliitwa Sultani, aliinamisha pua, akakata vichaka, akaketi mbele ya sungura aliyekuwa ametolewa boksini mapema, na sasa anatafuna karoti bila wasiwasi wowote. Mkandarasi nusura alie. "Kesho asubuhi umlete hapahapa! Nikulipe mbele ya shemeji, aone kwa macho yake!"

Jumamosi Mfamasia alikuwepo, buti zinang'aa, mbwa wake wa cheti kachanwa manyoya. Mkandarasi alitoa bahasha nene kwa mbwembwe. Sharubati aliipokea, akaweka bakuli la bati karibu na mbwa, halafu akauliza kama mzaha, "Na siku asipokamata kitu, bosi?"

Mkandarasi alipigapiga bunduki yake. "Kwangu asiye na kazi hali. Risasi moja, basi." Akacheka. Sharubati naye akacheka, ila kwa kuchelewa.

Aliondoka kwa miguu na kujiambia asigeuke nyuma. Aligeuka. Bakuli alikuwa amesimama, kamba shingoni, sikio moja juu, anamtazama.

Basi lilikuwa linakaribia kuondoka, ila huwezi kuanza maisha ya Injinia na viatu vinavyokula mchanga. Sharubati akaingia kwa fundi viatu, mkabala na duka la kinyozi, akakaa kwenye kigoda na soksi zake.

"Fanya haraka, fundi."

"Ndugu yangu, kiatu hiki hakina soli. Kina kumbukumbu ya soli."

Bahasha ilikuwa mfukoni na haikumpa raha yoyote. Alijiambia kwamba mbwa ni mbwa, mji umejaa mbwa. Alikuwa anajiambia hivyo kwa mara nyingine tena aliposikia kelele toka sokoni, wauza samaki wanatukana, watu wanapisha. Akachungulia. Bakuli alikuwa anakuja, pua chini na bakuli mdomoni, hatazami samaki wala mtu. Nyuma yake alikuja Mkandarasi anahema na bunduki, na nyuma zaidi Mfamasia, peke yake. Mbwa wa cheti alikuwa amegoma kijitoni, hataki kulowa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Soksi hawakuitaja, lakini walikuwa wanaiwaza.

Sharubati aliruka nyuma ya pazia, mkono kwenye kitasa cha mlango wa uani. Bakuli akaingia, akaweka chombo chake chini, akaketi kimya mbele ya pazia, mkia unafagia vipande vya ngozi. Kwake huo ulikuwa mchezo uleule wa kila alfajiri.

"Amewapita sungura watatu!" Mkandarasi alifoka mlangoni. "Mmoja kamruka! Nimechekwa na shemeji toka machimboni mpaka hapa. Fundi, sogea!" Bunduki ikalia ka-cha.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Honi ya basi ilisikika. Peku angeweza kukimbia, alishakimbia hali mbaya zaidi ya hiyo, na mbwa asingemshtaki kwa mtu. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje.

Akaurudisha, akafungua pazia, akasimama mbele ya bunduki na soksi zake zenye matundu. "Mbwa hana kosa!"

"Wewe!"

"Mimi. Kafanya nilichomfundisha, bosi. Sungura sikumfundisha kamwe. Nilimfundisha soksi yangu." Sauti yake haikuwa na sukari hata kidogo. "Ukitaka kupiga, anza na mwalimu."

Mfamasia alikuwa amefika. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha ghafla. "Ngoja kwanza, shemeji. Huyu kavuka maji, kapita soko la samaki siku ya Jumamosi, akamtoa mtu mmoja katikati ya mji mzima? Kwa soksi?"

Mkandarasi alimtazama shemeji yake, akamtazama mbwa. Ungeweza kuona fikra inavyopanda taratibu, kama zege linavyovutwa ghorofani. Akavuta tumbo ndani, akatoa kifua.

"Kwani wewe ulidhani nini? Ndivyo nilivyoagiza! Sungura kila mtu anawinda. Mimi nataka mbwa wa kuwinda wezi wa saruji. Sivyo, mwalimu?"

"Ndivyo hasa, bosi," akasema Sharubati, maana bunduki ilikuwa bado haijashushwa.

"Duka langu nalo linaibiwa," Mfamasia akasema polepole. "Mwalimu, na mimi nitengenezee mmoja."

Mkandarasi akamwinamia Sharubati sikioni. "Baki naye, umalizie kumfundisha. Ukithubutu kupanda basi, huyu atakutafuta. Na mimi nitakuwa nyuma yake."

Wakatoka, Mkandarasi mbele, akihadithia barabara nzima. Mlangoni wakapishana na buti za mpira. Mama Buti alikuwa ameshika kapu la chakula cha mchana la kinyozi, na kinyozi mwenyewe alisimama nyuma yake, taulo begani. Mama Buti akanyoosha mkono.

"Bahasha."

"Bahasha gani, mama?"

"Paa la mabanda linavuja. Nilikwambia kumchukua ni bure, sikukwambia kumuuza ni bure."

Sharubati akaitoa. Akamtazama kinyozi, akamtazama Mama Buti. "Kumbe mnajuana?"

"Mume wangu. Karatasi niliandika mimi, kichwa chako akakigeuza yeye."

"Kwa hiyo mlijua kwamba mimi ni..."

"Mji mzima unajua, mwanangu. Mbwa asiyefundishwa hana wa kumtaka, na mkufunzi wa kweli sina cha kumlipa. Nikasema nijaribu matapeli. Kabla yako niliwapa Bakuli wenzako watatu, wote wana upweke, wote wana nyumba kubwa. Wewe peke yako ndiye uliyeamka alfajiri."

Honi ya basi ikasikika tena, mbali kidogo, kisha ikapotea. Fundi akamsogezea viatu vyake. "Nimeweka soli ngumu," akasema. "Naona utatembea sana."

"Na mshahara je?" Sharubati akauliza kwa sauti ndogo.

"Tutakununulia soksi," akajibu Mama Buti.

Sharubati akavaa viatu vyake, bila kutafuta hata neno moja tamu la kujiokoa. Bakuli akaokota bakuli lake, akatangulia njia ya mabandani. Safari hii hakuna aliyekuwa anamrudisha. Yeye ndiye alikuwa anarudisha mtu.