Wiki Kumi na Moja za Dalton Sproul

Gari la Dalton Sproul lilichemka maji mbele ya geti la Ufalme wa Mamba, na kwa gari la umri ule, lilichagua mahali vizuri.

Dalton alishuka, akafungua boneti, akauacha mvuke ujiondokee, akatazama ng'ambo ya uzio. Tapeli wa kawaida angeona bustani ya burudani inayokata roho: gurudumu kubwa la kupandia watoto lisilozunguka tangu kimbunga cha mwaka juzi, bwawa lenye mamba wawili waliokwisha kustaafu, na nyuma yake kambi yenye vibanda kumi na viwili vya mbao, vyote vitupu. Dalton hakuwa tapeli wa kawaida. Yeye aliona wiki mia sita ishirini na nne.

Hesabu hiyo naomba niieleze, maana ndiyo iliyoilisha nusu ya Florida na kuiliza nusu ya pili. Kibanda ukikiuza, umeuza kibanda kimoja, basi. Lakini mwaka una wiki hamsini na mbili. Ukimuuzia huyu wiki ya kwanza ya Januari, yule wiki ya pili, na kila mmoja ukamwita mmiliki, kibanda kimoja kinapata wamiliki hamsini na wawili, na hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuacha mswaki wake bafuni. Dalton alikuwa ameiuza hesabu hiyo kwa miaka kumi na minane, pwani hadi pwani, kwa majina manne tofauti.

Kitu kimoja tu hakuwa nacho. Huyu aliyewauzia maelfu ya watu mahali pa kupumzika, mwenyewe alilala moteli ya kando ya barabara kuu, chumba namba tisa, pamoja na friji iliyokohoa kama mtu. Kila alipomkabidhi mteja ufunguo, roho ilimuuma kidogo. Alitaka mlango. Mlango wake mwenyewe, wenye jina lake la kuzaliwa. Kwa hiyo alikuwa ameapa kwamba kazi itakayofuata ndiyo ya mwisho, kisha angeuacha uongo kama watu wanavyoacha sigara: baada ya moja tu.

Kando ya vibanda, kwenye nyumba za magurudumu zilizopangwa kama meno, waliishi wastaafu waliokimbia theluji ya Ohio na Michigan. Walikuwa kumi na mmoja. Walizunguka kambini kwa vigari vya gofu vilivyopambwa maua ya plastiki, wakaamkiana, wakazunguka tena. Dalton aliwatazama kama mchungaji anavyotazama kondoo siku ya mnada.

Mwenye bustani alikuwa Gus Katsaros, Mgiriki wa maneno machache.

"Nataka ukumbi wako Jumamosi asubuhi," Dalton alimwambia. "Nawaandalia wazee wetu kifungua kinywa. Ni sadaka tu."

Katsaros alimtazama juu, akamtazama chini.

"Dola mia mbili. Na usiwatupie mamba mabaki."

*

Jumamosi Dalton alivaa suti ya rangi ya maziwa na tabasamu la rangi hiyo hiyo. Alipika mwenyewe: chapati za maji nene za kumwagiwa asali, mayai, nyama ya nguruwe iliyokaangwa hadi ikakunjamana. Na hapa tumtendee haki. Dalton alikuwa mwongo, lakini chapati zake zilisema kweli.

Wazee walikula kwa adabu na kwa wingi. Walipofika kwenye kahawa, Dalton alisimama.

"Wapendwa wangu, mnaviona vile vibanda kumi na viwili? Kampuni yangu imevichukua. Tunavifanya makazi ya mapumziko ya daraja la juu. Beseni la maji moto kila baraza! Na kabla sijawaita matajiri wa Miami, nikajiuliza, je, majirani? Wiki moja kila mwaka, yako, ya watoto wako, ya wajukuu wako, milele na milele."

"Amina," alisema mzee mmoja kwa mazoea.

Huyo alikuwa Harlan Pruitt, dereva mstaafu wa basi la shule, aliyekuwa bado anafuta sahani kwa kipande cha chapati.

"Tena hatutoki nje ya sheria," Dalton aliendelea, akiharakisha kidogo. "Sheria ya Florida inampa mnunuzi, si muuzaji, siku kumi za kughairi. Mkataba ukighairiwa, kila mtu anarudishiwa chake. Lakini, kusema ukweli, sijawahi kuona mtu akighairi."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Kwa kawaida siku ya pili Dalton alikuwa hayupo kumwona mtu yeyote.

Mkono mmoja mwembamba ulipanda. Ulikuwa wa Billie Ostrander, mjane, karani wa benki kwa miaka thelathini, ambaye kambini aliheshimiwa kwa sababu alikuwa na muhuri wa serikali wa kuthibitisha saini na hakuogopa kuutumia.

"Mwanangu, maneno yako matamu kuliko hiyo asali. Ila sisi fedha taslimu hatuna."

"Bibi, hata malipo ya mwanzo kidogo..."

"Hata kidogo. Sisi ni watu wa pensheni." Alifungua mkoba wake. "Nilichonacho ni hiki. Sijui kama kinakufaa."

Alisukuma bahasha mezani. Ndani mlikuwa na hati, na kijitabu chenye picha: nyumba ya mawe kwenye milima ya Tennessee, roshani, mahali pa kuwashia moto, ukungu wa asubuhi. Wiki moja kila mwaka. Thamani iliyochapishwa: dola elfu ishirini na mbili.

"Mimi na marehemu tuliinunua zamani," alisema Bi Billie. "Siku hizi magoti yangu na milima haviongei. Kama ungekubali kubadilishana, wiki kwa wiki..."

Dalton aliitazama ile roshani. Akajiona ameketi pale na kikombe. Mlango ulio nyuma yake, katika picha, ulikuwa wa kijani.

"Kwa ajili yako, bibi," alisema, "nitafanya."

"Ehe! Kama unapokea hizo," alisema Harlan, akiinuka, "mimi ninayo ya baharini, Carolina."

"Mimi ninayo ya mjini Branson!" alipiga kelele bibi mwingine.

Viti vikasukumwa. Vigari vya gofu vikaondoka kwa kasi ambayo kambi ile haikuwahi kuiona, na kabla kahawa haijapoa vilikuwa vimerudi, na kila mzee ameshika bahasha. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini wazee kumi na mmoja wanaweka hati zao chini ya mto, zimepangwa, tayari kwa safari. Dalton hakujiuliza. Alikuwa anahesabu milango.

Kumi na moja! Dhahabu kwa chapati! Kwa miaka kumi na minane alikuwa ameuza hewa, akapokea noti zilizoishia kwenye friji inayokohoa. Leo alikuwa anauza hewa ile ile na kupokea nyumba za kweli, zenye namba ya kiwanja. Mbili tatu angeuza. Nyingine angekaa. Milima, bahari, ziwa, mlango juu ya mlango.

"Na ada ya matunzo ya kila mwaka?" aliuliza, kwa sababu mtaalamu lazima aulize.

Bi Billie alimtazama kwa macho maangavu.

"Ah, ndogo tu, mwanangu. Kama bei ya kikombe kimoja cha kahawa kwa siku."

Dalton akatikisa kichwa kama muumini aliyesikia aya. Sentensi hiyo ilikuwa yake. Alikuwa ameisema mara elfu kadhaa, na mtu akirudia jambo mara elfu kadhaa, anayeliamini kwanza ni mwenyewe.

"Nikuandikie jina gani?" Bi Billie aliuliza, muhuri mkononi. "Nahitaji na leseni yako ya udereva."

Hapo Dalton alisita. Alikuwa na leseni tatu. Lakini huwezi kuingia kwenye mlango wa maisha yako kwa jina la mtu ambaye hayupo. Akatoa ile ya kweli.

"Dalton Eugene Sproul," alisoma Bi Billie. "Jina zuri. Weka saini hapa."

"Na ukurasa huu?"

"Huo ni wa kawaida tu."

"Na huu wenye maandishi madogo?"

"Ni mambo ya wanasheria hayo, yatakuumiza macho bure. Saini hapa, herufi za jina hapa, na hapa tena. Hongera, mwanangu. Wewe sasa ni mmiliki."

Kurasa zilipinduliwa kwa wepesi wa mtu anayechanganya karata. Dalton, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuzuia watu wasifike ukurasa wa tatu, hakuwahi hata siku moja kufika huko yeye mwenyewe.

Jumatatu walikwenda wote ofisi ya wilaya kusajili. Gharama za usajili alilipa Dalton, kwa furaha, akakataa hata kurudishiwa chenji. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya baada ya kuuza. Hakutoroka. Alirudi chumba namba tisa kusubiri barua zake.

*

Barua zilifika siku ya nane, kumi na moja kwa mpigo, zote zikianza na "Karibu katika familia."

Wiki ya milimani, ile ya mlango wa kijani, ilikuwa wiki ya pili ya Machi, majira ya tope, barabara ikiwa imefungwa. Ya Carolina ilikuwa katikati ya Septemba, majira ya vimbunga, na kulikuwa na mchango wa lazima wa kurudisha paa lililopatikana wilaya ya jirani. Ya Branson haikuwa na maji. Na ada zile, zikiwekwa pamoja, zilikuwa kweli kama bei ya kahawa, kama mtu angewanywesha kahawa kikosi kizima cha zimamoto, kila siku, hadi kufa. Kufa nako ukurasa wa tatu ulikuwa umekufikiria: deni lingehamia kwa warithi.

Siku ya tisa Dalton aliingia kambini bila tai. Aliwakuta Bi Billie na Harlan wakicheza karata barazani.

"Bibi! Mzee Harlan! Nimekuja kuwakumbusha haki yenu."

"Haki gani tena?"

"Ya kughairi! Mna siku kumi. Kesho ndiyo mwisho. Mkighairi, kila mtu anarudishiwa chake, mnaona? Fomu ninazo hapa. Nimewajazia."

Wajanja wote waliotangulia kaburini nadhani waligeuka upande wa pili. Muuza wiki, Florida, anamsihi mteja aghairi.

"Tughairi kwa nini?" Harlan aliuliza. "Tumeridhika kabisa."

"Kabisa," alisema Bi Billie, akitupa karata.

"Nitawapa zawadi! Ghairini, kila mmoja paja zima la nguruwe. Tiketi za bustani kubwa za Orlando, siku tatu!"

"Zenye chakula?" aliuliza Harlan.

"Zenye chakula!"

Harlan alifikiri kwa uaminifu.

"Hapana. Miguu."

Dalton akaketi kwenye ngazi. Jasho lilikuwa limechora ramani mgongoni mwa shati lake.

"Bibi, mzee, sikilizeni. Vile vibanda..." Akashusha sauti. "Vile vibanda havina mabeseni ya maji moto."

"Tunajua. Vibanda ni vya Gus. Gus anacheza karata hapa kila Alhamisi."

Bwawani mamba mmoja alijigeuza, kwa jinsi wastaafu wanavyojigeuza.

"Mlijua?" alinong'ona Dalton. "Tangu lini?"

"Tangu chapati ya kwanza," alisema Bi Billie. Aliweka karata zake chini, na sasa hakuwa anatabasamu. "Nikueleze, Dalton. Ile wiki nimeilipia miaka ishirini na sita. Nimejaribu kuiuza, hakuna mnunuzi. Nimejaribu kuigawa bure, kanisa limekataa. Kanisa, mwanangu! Binti yangu anafanya kazi mbili, na siku nikizikwa angeletewa ile bili juu ya maua. Nilijiapiza sifi mpaka nimeiondoa. Nimekaa kwenye vifungua kinywa kumi na saba kama hiki chako, nikisubiri muuzaji mmoja tu mwenye tamaa ya kutosha kuipokea." Alimpigapiga bega. "Jumatatu ile usiku, baada ya kusajili, nililala kama mtoto."

"Nitakwenda mahakamani," alisema Dalton, lakini kwa sauti ndogo.

"Nenda. Mwambie hakimu kwamba mkataba si halali kwa sababu nyumba ulizotuuzia hazikuwa zako. Njia hiyo ipo. Mimi nitakuja kukuthibitishia saini."

Dalton alifikiria kutoroka. Majina manne aliyakimbia zamani bila hata kugeuka nyuma. La tano lilikuwa lake, na lilikuwa limesajiliwa wilayani, kwa gharama yake mwenyewe, na chenji amekataa.

"Sasa nitakula nini?" aliuliza.

Ni Harlan aliyejibu, kwa sababu lilikuwa swali la chakula.

"Gus anatafuta mpishi wa asubuhi. Na zile chapati, bwana, Mungu shahidi, zile hazikuwa za utapeli."

*

Kwa hiyo mwaka uliofuata, ukipita Ufalme wa Mamba asubuhi, ungemkuta Dalton Eugene Sproul jikoni kwa Katsaros, aproni kifuani, akigeuza chapati. Alilala kibanda namba nne, kikiwa sehemu ya mshahara. Kilikuwa na mlango. Bi Billie alikuwa ameupaka rangi ya kijani, na hakuna aliyejua kama ilikuwa huruma au kejeli, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Sehemu iliyobaki ya mshahara ilikwenda milimani, baharini na Branson.

Jumamosi moja ya Februari kijana mmoja alikodi ukumbi. Alivaa suti ya buluu, meno yake yalikuwa mengi kuliko ya kawaida, naye alikuwa na mabango ya nyumba za kando ya ziwa, Georgia.

"Wapendwa wangu," alisema kijana yule, "wiki moja kila mwaka, yenu milele! Na hata kama huna fedha taslimu leo, usijali. Kampuni yangu ina moyo. Una wiki ya zamani mahali pengine? Ilete, tutaipokea kama malipo."

Vichwa kumi na kimoja vyenye mvi viligeuka polepole kuelekea jikoni.

Dalton alizima jiko. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaingia kibandani kwake. Alirudi na bahasha kumi na moja kifuani, zimepangwa, akaketi safu ya mbele kabisa, akafungua macho makubwa ya mtu ambaye hajawahi kuona ziwa.

Bi Billie alimsogezea muhuri wake chini ya meza.

"Mwanangu," Dalton alimwambia kijana, "maneno yako matamu kuliko asali. Hebu anza tena, pole pole, mimi sikusoma sana."