Mashangazi Ishirini na Tisa

Jumatatu, tarehe 4
Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi ulifunge. Ukishindwa, basi haya yabaki kifuani mwako, usimwambie hata mwenzi wako. Mimi bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Barua ya kuthibitishwa kazini haijatoka.

Leo Mkuu wa Utumishi kanikabidhi madodoso arobaini ya utafiti kuhusu ustawi wa familia za wafanyakazi. Matokeo ndiyo yatakayoamua nani aruhusiwe kutoka mapema. Mara Mama Pacha wa meza ya pili kanisogelea. Chekechea ya wanawe inafunga saa kumi, na sisi tunatoka saa kumi. Ijumaa kawakuta nje ya geti, wamekalia ndoo ya mlinzi. Anaomba nusu saa tu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, utafiti ni sayansi. Kasema haya mdogo wangu, msomi wetu ni wewe.

Jumanne, tarehe 5
Nimegawa madodoso. Dereva wa ofisi kauliza kama kuna posho. Hakuna. Kauliza basi mambo ya nyumbani kwake yananihusu nini. Nimemweleza kwamba swali ni anakula chakula cha jioni na nani. Kasema wambea wote huanzia hapo hapo. Watu wamecheka. Nami nimecheka, kwa usalama.

Alhamisi, tarehe 7
Yamerudi kumi na moja. La Mama Pacha limejaa maandishi hadi pembezoni. Jingine lina duara la kikombe cha chai na halina jibu hata moja. Nimelihesabu. Mkuu anayataka yote kesho saa nne. Kasema karani anayeshindwa kukusanya karatasi, yeye hajui atamthibitisha kwa lipi.

Saa ya chakula nimejifungia stoo ya mafaili na kalamu nne. Ishirini na tisa yaliyobaki nimeyajaza mwenyewe, mengine kwa mkono wa kushoto. Shida moja tu. Familia ninayoijua ni ile iliyonilea: mimi na Shangazi. Watoto sikuthubutu kubuni, mtoto huombwa cheti cha kuzaliwa. Shangazi haombwi cheti. Nani huamua mambo nyumbani? Shangazi. Nini hukukosesha usingizi? Shangazi, anakoroma.

Jumatatu, tarehe 11
Mkuu kasoma matokeo mbele ya wote. Wamejibu asilimia mia, jambo ambalo halijapata kutokea. Karibu robo tatu ya wafanyakazi wanaishi na shangazi mkali anayekoroma. Mkuu kasema hakujua watu wake wanabeba mzigo huu kimyakimya. Uamuzi: anayeishi na shangazi atatoka saa tisa na nusu. Watoto wa chekechea wametajwa katika dodoso moja tu, na sera haitungwi kwa ajili ya mtu mmoja.

Nimehesabu picha za watoto juu ya meza. Saba. Hakuna aliyefungua mdomo. Dereva kainuka, kashukuru kwa niaba ya mashangazi.

Mama Pacha kanitazama, karudi mezani kwake. Heri angenitukana.

Jumanne, tarehe 12
Nimeamua kumwambia Mkuu ukweli. Nimefika mlangoni mara tatu. Mara ya tatu kaniona, kauliza nataka nini. Nimemuuliza kama atakunywa chai. Nimempelekea chai.

Mpango wa pili: Mama Pacha ajaze dodoso jipya, aandike shangazi. Kasema mashangazi wake wote wameshazikwa. Nimemwambia basi achukue wangu. Kauliza, yaani mdogo wangu, wanangu wawili hawatoshi mpaka niazime mzee? Kajaza hata hivyo. Kalamu imetoboa karatasi.

Jumatano, tarehe 13
Balaa. Mkuu anataka kila shangazi atie sahihi kuthibitisha. Saa kumi na moja nimefika nyumbani, nikakuta foleni hadi barabarani. Ofisi nzima, na Dereva mbele; wamesikia kwamba shangazi wangu anaazimwa. Shangazi kaweka kiti mlangoni. Kila mmoja kaulizwa, na wewe nilikulea lini? Dereva kajibu zamani sana. Kaambiwa basi aingie aoshe vyombo kama alivyofunzwa. Kaondoka.

Mama Pacha kaja wa mwisho, na watoto. Hakudanganya, kamweleza habari ya ndoo. Shangazi kawatazama wale watoto, kaomba kalamu. Kasema hawa kuanzia leo ni wajukuu zake, mwenye neno aje amwambie. Wengine wote hawakupata sahihi.

Kisha kanigeukia. Kauliza ni nani aliyeandika kwamba anakoroma.

Ijumaa, tarehe 15
Mama Pacha katoka saa tisa na nusu. Peke yake. Ofisini hakuna anayenisalimu.

Mkuu kaniita. Nikajua yamenifika. Kanipa barua ya kuthibitishwa, pamoja na madodoso mia mbili ya tawi jingine. Kasema mtu wa kuleta asilimia mia hapatikani kila siku.

Nimelitafakari kosa langu kwa dhati. Kosa lilikuwa kurudia ndugu mmoja. Safari hii nitachanganya: wajomba sitini, mabibi arobaini, mabinamu wa kutosha. Nimenunua kalamu tisa.

Ukinihitaji, niko stoo ya mafaili, saa saba hadi saa nane mchana. Gonga mara mbili, usiniite jina, pitisha karatasi chini ya mlango. Kama wewe ni Shangazi, sipo.